Anzisha podikasti ambayo mtu hataizima dakika ya pili

Haya wadau, leo tunaanzisha podikasti, kuanzia wazo mpaka inasikika kwenye simu za watu, na kabla sijagusa maiki wala kompyuta naomba uangalie hii grafu hapa kwenye skrini. Huu mstari ni epizodi yangu moja ya zamani, unaonyesha watu wangapi bado wanasikiliza kila dakika. Unaona unavyoanza juu, halafu hapa kabla hata ya dakika ya tatu unaporomoka kama umesukumwa? Pale ndo nilikuwa bado nasalimia. Muziki, karibuni sana, jina langu fulani, mambo vipi, wiki imeendaje, jamani samahani wiki iliyopita sikutoa kipindi... yaani dakika mbili na nusu nzima sijasema kitu. Na waliovumilia pale, wengi wao walifika karibu na mwisho. Kwahiyo mtaniona leo narudi rudi kwenye zile dakika za mwanzo, nisameheni tu, iliniuma.

Hatua ya kwanza, chukua karatasi andika sentensi moja: podikasti hii ni ya nani, na akimaliza kusikiliza anaondoka na nini. "Podikasti kuhusu maisha" haitoshi, maana maisha ni kila kitu. Lakini ukisema "ni ya mzazi aliyepata mtoto wa kwanza na hapati usingizi", hapo namwona mtu kabisa, saa tisa usiku, mtoto begani, hedfoni sikio moja. Huyo ndo utaongea naye, na utamwita "wewe", achana na mambo ya "wapendwa wasikilizaji popote mlipo", hiyo ni ya redioni, huku mtu anakusikiliza peke yake akiosha vyombo. Chini ya ile sentensi orodhesha vichwa vya epizodi kumi. Ukikwama kwenye ya nne ujue mada ni nyembamba au huipendi kihivyo, na ni afadhali ujue leo kuliko baada ya kununua vifaa.

Hatua ya pili, sauti. Hapa watu wanapoteza hela sana. Maiki ya bei kubwa kwenye chumba kitupu chenye vigae itakupa mwangwi wa bei kubwa, basi. Anza na chumba. Piga kofi moja, paa, kama unasikia mlio unakurudia hamia kwingine, penye mapazia, godoro, makochi, na hata kabati la nguo likiwa wazi mbele yako linafanya kazi nzuri tu maana nguo zinanyonya mwangwi. Kama chumba chako kina kelele tafuta maiki ya aina ya dainamiki, zile za kondensa zinadaka kila kitu mpaka feni na jirani. Huna maiki? Rekodi na simu, iweke kwenye hali ya ndege isije ikaita katikati.

Umbali sasa. Kunja ngumi, iweke kati ya mdomo na maiki, ndo umbali huo. Halafu weka kiganja mbele ya mdomo useme "papai pia pana", unasikia upepo? Huo upepo ukiingia kwenye maiki unatoa "pu" mbaya sana, kwahiyo isogeze maiki kidogo pembeni ya mdomo, usiielekee uso kwa uso.

Hatua ya tatu, andika mwanzo neno kwa neno. Epizodi yote usiiandike, utasoma kama hotuba, weka pointi tu, ila sekunde 30 za kwanza ziandike. Mfano huu hapa, mwanzo wangu wa zamani: "Leo tutaongelea suala la usingizi wa watoto, ambalo ni suala muhimu sana." Umelala? Mimi nimelala. Huu wa sasa: "Mwanangu alikuwa anaamka kila baada ya dakika 40, nimejaribu kila kitu, kumbe tatizo lilikuwa mimi namlaza nikiwa nimembeba. Ngoja nikwambie nilivyomwachisha." Hapo mtu anataka kujua. Jina lako na muziki vinakuja baada ya hapo, kwa ufupi.

Haya, rekodi. Kabla ya kuanza ongea sekunde kumi, simamisha, vaa hedfoni usikilize. Usiruke hii! Mimi niliwahi kumhoji mgeni dakika 50, maiki iko mezani inawaka taa vizuri, kumbe kompyuta ilikuwa inarekodi kwa kile kimaiki chake cha ndani, sauti kama tuko ndani ya pipa, na mgeni mwenyewe nilikuwa nimembembeleza miezi. Angalia pia ile mita ya sauti, ukiongea kwa nguvu yako ya kawaida icheze kati ya desibeli -12 na -6, ikigonga sifuri sauti inakwaruza na hakuna dawa ya kuirudisha. Ukikosea usisimame, piga kofi, rudia sentensi. Lile kofi litaonekana kama mwiba kwenye mawimbi, utalipata kirahisi ukianza kukata.

Kukata tunatumia programu ya Audacity, ni ya bure. Toa makosa, toa marudio, ila pumzi ziache, mtu asiyepumua anachosha kumsikiliza. Halafu fanya kitu kinachouma: futa dakika nzima ya kwanza, sikiliza kuanzia hapo. Kama bado inaeleweka, isirudi. Ukimaliza sawazisha ukubwa wa sauti uwe -16 LUFS, ni kipimo cha jinsi sikio linavyosikia ukubwa wa sauti, ili mtu akitoka kwenye kipindi kingine kuja kwako asikimbilie kitufe cha kuongeza. Toa faili la MP3, kwa maongezi matupu mono, yaani sauti ya chaneli moja, ya kbps 64 (kiasi cha data kwa sekunde) inatosha, nusu saa inakuwa kama MB 14 hivi, na anayesikiliza kwa bando atakushukuru.

Kupandisha ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Faili hulipeleki Spotify na Apple moja moja, unaliweka kwenye huduma ya kuhifadhi podikasti, ziko za bure na za kulipia, yenyewe inakupa anwani ya RSS, unaisajili hiyo anwani mara moja tu kwenye kila jukwaa, na kuanzia hapo kila epizodi mpya inajipeleka. Kava iwe mraba, pikseli 3000 kwa 3000, na uipunguze mpaka iwe ndogo kama kucha ya kidole gumba uone kama maandishi yanasomeka. Kichwa cha epizodi usianze na "Epizodi ya 7", anza na kitu chenyewe.

Usizindue na moja. Andaa tatu, maana mtu akipenda ya kwanza anataka nyingine hapohapo, na ziwepo mbili zingine pembeni umeshazirekodi kwa ajili ya wiki utakayougua. Kila wiki au kila wiki mbili, chagua unayoiweza, siku ileile.

Wiki moja baada ya kutoa, fungua takwimu uangalie grafu kama hii yangu. Idadi ya waliobonyeza iache kwanza. Tafuta mstari unapokatika, isikilize sekunde hiyohiyo, andika ulikuwa unasema nini. Hii hapa nyingine yangu imekatika dakika ya 11... ngoja nicheze tusikie wote... ee, nilianza kusoma ujumbe wa shangazi.