Kashata za Krismasi Hazipendi Mvua

Habari za mchana, ndugu zangu. Karibuni.

Nianze na mvua. Desemba hapa Mwanza hunyesha, na unyevu unaingia hadi kabatini. Kashata ni sukari iliyofukuzwa maji. Ukiiacha wazi inayanywa upya kutoka hewani: jioni inang'aa, asubuhi inanata, kesho kutwa inachuruzika mikononi mwa uliyempa. Watu hulaumu kipimo cha sukari, kumbe ni hewa.

Sinia moja linataka karanga nusu kilo, sukari gramu 400, maji mililita 150, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chai, iliki ya kusaga nusu kijiko, na chumvi kidogo tu.

Chambueni karanga kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, tupeni zote. Huko ndiko sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, hukaa, na moto wa kukaangia hauimalizi. Msiwape hata kuku. Tena zinunuliwe mbali na dagaa! Karanga zina mafuta, mafuta hushika harufu, na gunia lililolala jirani na dagaa wa soko la samaki la Mwaloni litawapa kashata zenye habari za ziwani. Kaanga kwa moto mdogo, pukuta maganda, kisha zibaki na joto. Karanga za baridi zikiingia kwenye shira huigandisha papo hapo, ukabaki na bonge.

Shira ndiyo kazi yenyewe. Tumia sufuria nzito. Koroga sukari na maji mpaka chembe ziyeyuke, tia ndimu, na ikianza kuchemka weka mwiko chini. Usiiguse tena. Chembe iliyoganda ukingoni ikianguka ndani huwaita wenzake, na shira yote inageuka mchanga. Funika dakika mbili, mvuke uoshe kingo. Ikigeuka mchanga kabla ya karanga kuingia, ongeza maji nusu kikombe uyeyushe upya.

Ndimu nayo ina kiasi chake. Ukali wake huvunja sehemu ya sukari kuwa glukosi na fruktosi, zinazozuia chembe kushikana. Lakini fruktosi hunyonya unyevu kuliko sukari ya kawaida. Anayekamua ndimu nzima amejipikia gundi.

Mapishi mengi husema shira ya kuvunjika ni nyuzi 150. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo toa 4: epua kwenye 146. Asiye na kipimajoto adondoshe shira kwenye kikombe cha maji baridi. Ikivutika, bado, ikikatika kwa mlio, tayari. Kikombe hakijali mwinuko, na mimi nakiamini kuliko vipimajoto vya bei rahisi.

Mimina karanga, iliki na chumvi, geuza upesi, tandaza kwenye sinia lililopakwa mafuta. Kata ingali ya moto. Una dakika nne au tano. Ikikauka mapema, kalisha sinia juu ya makaa yaliyofifia, usishindane nayo kwa kisu. Beseni la maji baridi liwe karibu na watoto wawe mbali, maana shira hunata kwenye ngozi huku inaendelea kuunguza.

Mama kule nyuma anauliza za nazi. Hizo shira yake huishia laini, nyuzi 110 kwa hapa kwetu. Zina maji mengi, hazikai zaidi ya siku chache. Pika tarehe 23. Za karanga unaweza kuanza tarehe 15, mradi uzifunge vizuri.

Zipoe kabisa kwanza. Zikifungwa na uvuguvugu hutoa jasho. Zikishapoa, usingoje. Kila kipande kwenye karatasi ya nta, vyote kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza. Bahasha ya karatasi tupu, hata iwe na utepe mwekundu, inapitisha unyevu. Za nazi na za karanga zisilale kopo moja: unyevu wa nazi utahamia kwa jirani. Na juu ya kopo andika KARANGA kwa herufi kubwa, kwa sababu wapo ambao karanga huwadhuru vibaya.