Zege limemwagwa, wingu linatoka ziwani: maongezi na mafundi, Nyegezi

Mwangaluka wazee, na dada zangu wa saiti mliokaa huku mbele. Nimeambiwa nisiwachoshe maana wengine mna kazi saa nne, basi tuingie kwenye hii mvua yetu isiyopiga hodi.

Sisi wa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, tuna hali ya hewa ya peke yake. Usiku upepo unatoka nchi kavu kwenda majini, unakutana huko na upepo wa ng'ambo, hewa inapanda, mawingu yanajengeka, ndo maana alfajiri unasikia radi inaunguruma ziwani wakati huku Igoma pakavu kabisa. Utabiri wa TMA, wale Mamlaka ya Hali ya Hewa, sikiliza, ila na wewe toka nje saa kumi na moja uangalie ziwani kabla hujawapigia vibarua. Na nailoni iwe saiti kabla mfuko wa kwanza haujafunguliwa, sio matone yameanza ndo unamtuma kijana na bodaboda.

Sasa mvua imekukuta katikati ya kumwaga slabu, lile bapa la zege. Hapa ndo watu wanaharibu kazi, na mara nyingi wanaharibu kwa bidii. Fundi anaona uso unang'aa maji, anashika mwiko anaanza kusugua, kumbe anayakoroga yale maji na simenti ya juu, uso unabaki dhaifu, kesho kutwa ukikwaruza na msumari unatoa vumbi. Mwingine anarusha simenti kavu eti ikanywe maji! Hiyo inafanya ganda, na ganda litabanduka tu, mwenye nyumba atakutafuta.

Acha kumwaga, funika. Mvua ikikata shika mpira wa maji, ule wa bustani, wawili mshike ncha huku na huku muuburute taratibu juu ya zege, maji yanasukumwa pembeni bila kuuchokonoa uso. Halafu subiri. Kanyaga pembeni: kiatu kikizama, bado, kikiacha alama ya kama nusu sentimita na hakuna maji yanayopanda juu, anza kusawazisha, niru, ule ulainishaji wa mwisho wa simenti, baadaye.

Kama mvua haina dalili ya kukata, kata wewe zege. Simamisha ubao wima, ukatie kwenye theluthi ya kati ya spani, ule umbali kati ya bimu na bimu, usikatie karibu na bimu yenyewe, ule mhimili wa zege, wala nguzo, na usiliache limeteleza kama kichuguu. Ukirudi, kwaruza pale mpaka kokoto zionekane, safisha, lowanisha, endelea.

Kitu kinachosahaulika ni mchanga. Mfuko wa kilo 50 ukiuchanganyia kwa maji nusu ya uzito wake ni lita 25, ndoo ya lita 20 na robo yake. Lakini mchanga ulionyeshewa usiku umeshabeba maji, kwa moja-mbili-nne, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, mchanga wa mfuko mmoja unaweza kuja na lita tano zake, na kijana wa mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, anamimina ndoo na robo ileile ya jana, hapo uji umeiva.

Ndiyo mzee wangu? ... Anauliza kama zege limeshashika halafu ndo inyeshe. Hapo usihangaike, hiyo mvua inakumwagilia bure, wewe tu hakikisha siku saba halikauki.

Tena mimi naogopa zaidi Julai kuliko Aprili. Kiangazi jua kali, upepo mkavu, uso unakauka kabla maji ya chini hayajapanda, unaona nyufa ndogondogo hata zege halijashika. Mwaga jioni, lowanisha mbao na ardhi, funika mapema. Basi.

Dada wa Buhongwa aliuliza mtaro wa msingi umejaa maji asubuhi. Chota yote, halafu toa na lile tope laini la chini mpaka ufike udongo mgumu, hata kama tajiri amesimama hapo juu anaangalia saa.