Kamera ya kupigia picha sayari kwa darubini: uchukue ipi?

Karibu, mtazamaji. Hapa mezani nimepanga vitu vitatu: simu ya kawaida, kamera kubwa ya Canon ya kubadilisha lenzi, na kidude hiki chekundu cha duara, kamera ya sayari, kinachoenea kiganjani. Anayetaka kupiga Mshtarii au Zohali, mara nyingi mkono wake huenda moja kwa moja kwenye Canon. Ngoja kwanza.

Hatua ya kwanza, jua sayari itachukua nafasi kiasi gani ndani ya kamera. Tuseme una darubini ya kioo cha inchi 8 yenye urefu wa fokasi wa milimita 1,200, aina ya Dobsonian, ile inayokaa kwenye kitako rahisi na kusukumwa kwa mkono. Hata Mshtarii inapokuwa karibu nasi, taswira yake inayoangukia kwenye kihisi cha kamera, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ina upana wa robo milimita tu. Robo milimita! Kihisi cha Canon hii kina upana wa milimita 22. Hapo umekodi uwanja wa mpira ili mcheze bao. Kidude chekundu kina kihisi cha milimita 5 na ushee, na kwa sayari hiyo bado ni nafasi ya kumwaga.

Hatua ya pili ndiyo yenye uzito kuliko zote: kasi. Tazama skrini hapa. Huyu ndiye Mshtarii, mbichi, kabla ya kusafishwa. Unaona ukingo unavyochezacheza? Mikanda inatokea, inafutika, ghafla inakaa sawa kufumba na kufumbua, halafu inavurugika tena. Ni hewa iliyo juu yetu, haitulii. Sisi tunawinda zile sekunde ilipotulia, na huwezi kuzibahatisha kwa picha moja. Kwa hiyo tunarekodi video ya maelfu ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, kisha programu kama AutoStakkert, ambayo ni ya bure, inazipanga kwa ubora, inachagua zilizo safi na kuzirundika kuwa picha moja.

Basi muuzaji akianza kukuimbia megapikseli, mwulize fremu ngapi kwa sekunde. Kwa Mshtarii, ukipata 100 huna cha kulalamika. Zohali ina mwanga hafifu, utaridhika na pungufu ya hapo. Na muda wenyewe ni mfupi: Mshtarii inajizungusha mara moja kwa chini ya saa 10, hivyo kwa darubini ya inchi 8 ukivuka dakika 2 au 3 za kurekodi, madoa yake yameshasogea na picha inaanza kuwa na ukungu.

Hapa kuna mtego kwa wanunuzi wa mitumba. Kamera ya kampuni ya ZWO iitwayo ASI120MC inatumia USB 2, na kwa picha kamili inatoa fremu 35 kwa sekunde. Dada yake, ASI120MC-S, anatumia USB 3 na anatoa 60. Tofauti ni herufi moja tu mwishoni, na tangazo la muuzaji linaweza kuiruka. Omba picha ya nyuma ya kamera, usome mwenyewe.

Hatua ya tatu, linganisha pikseli, yaani vijidoa vya kihisi vinavyopokea mwanga, na darubini yako. Kanuni ninayoitumia ni rahisi: chukua ukubwa wa pikseli kwa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita), zidisha kwa 5, upate namba ya f ya kulenga, yaani urefu wa fokasi ukigawanywa kwa upana wa kioo. Hiki chekundu ni ASI462MC, pikseli zake ni mikroni 2.9. Mara 5 ni 14.5. Darubini yetu ya inchi 8 ni f/6, kwa hiyo lenzi ya Barlow, ile inayorefusha fokasi, ya mara 2.5 inatufikisha f/15, hapo hapo tunapopataka. Ukiwa na ASI224MC ya pikseli za mikroni 3.75, utahitaji kukaribia f/19, yaani Barlow ya mara 3. Usiku hewa ikiwa mbovu, shuka chini ya namba hizo bila wasiwasi.

Kama darubini yako haina mota ya kufuata sayari, upana wa kihisi unarudi kuwa na maana. Kwa f/15 na hiki chekundu, sayari inakatiza skrini kwa sekunde 25 hivi. Iweke ukingoni, iache ipite, isukume tena nyuma. Programu ya PIPP itakuja kuiweka katikati fremu kwa fremu.

Rangi au nyeusi na nyeupe? Anza na ya rangi. Ya nyeusi na nyeupe inatoa picha kali zaidi, lakini inadai vichujio vitatu, gurudumu la kuvizungushia, na utulivu ambao usiku wa kwanza hutakuwa nao. Ila kwa ASI462MC na ASI224MC, ambazo ni za rangi, nunua kichujio cha kuzuia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, maana kioo chao cha mbele hakiizuii, na rangi za sayari zitaharibika.

Sasa habari njema kwa aliye Mombasa, Kigoma au Bujumbura. Video za Ulaya zitakuambia ununue kifaa cha kurekebisha mtawanyiko wa rangi unaoletwa na angahewa sayari inapokuwa chini. Kwao sayari inaweza kukaa chini msimu mzima. Kwetu, karibu na ikweta, zinapita juu sana kila mwaka. Subiri ifike juu kabisa ndipo urekodi, pesa hiyo ibaki mfukoni. Christopher Go, mpiga picha wa ridhaa wa Cebu, Ufilipino, naye wa tropiki kama sisi, ndiye aliyegundua mwaka 2006 kwamba doa la Mshtarii liitwalo Oval BA limegeuka jekundu. Alitumia darubini ya inchi 11.

Na kama pesa ya kamera haipo? Simu kwenye kishikizo, juu ya lenzi ya kuchungulia, rekodi video, punguza mwanga wewe mwenyewe kwenye mipangilio ya simu. Mwezi utatoka vizuri sana, pete za Zohali utaziona. Mwenye Canon 60D asiiuze: ina video inayochukua sehemu ya katikati tu ya kihisi, pikseli 640 kwa 480, fremu 60 kwa sekunde, na hiyo inafaa.

Mwisho, angalia kompyuta mpakato yako kabla hujalipia chochote. Dakika 2 za video ya 640 kwa 480, fremu 100 kwa sekunde, zinakula karibu GB 4. Nafasi ikiwa haipo, au diski ni ya zamani na ya polepole, fremu zitadondoka hata kamera iwe ya bei gani. Tafuta SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka, na tundu la USB 3, mara nyingi lina ulimi wa bluu ndani.