Bakora za Mfalme Wen

Ndugu wasikilizaji, adhabu ya bakora ina hesabu zake, na hesabu ikikosewa mtu anakufa.

Mwaka 167 KK, nchini China enzi ya ukoo wa kifalme wa Han, tabibu Chunyu Yi, aliyekuwa msimamizi wa ghala la serikali katika jimbo la Qi, alipelekwa mji mkuu, Chang'an, kukatwa kiungo. Hakuwa na mtoto wa kiume, ila mabinti watano. Kitinda mimba, Tiying, alimfuata, akamwandikia Mfalme Wen: aliyekufa hafufuki, kilichokatwa hakiungwi tena, hata mkosaji akitaka kujirekebisha hana njia. Akajitoa awe mtumwa wa serikali, baba asalimike.

Mfalme akafuta adhabu hizo. Balaa lilikuwa katika zile zilizowekwa badala yake. Wa kuchanjwa alama usoni sasa alinyolewa kichwa, akavishwa pingu ya chuma shingoni, akapelekwa kujenga kuta. Mwanamke alitwanga nafaka. Wa kukatwa pua, bakora 300. Wa mguu wa kushoto, 500. Na wa mguu wa kulia? Huyo aliuawa hadharani sokoni. Alikuwa apoteze mguu, akapoteza roho, na bado sheria ikaitwa ya huruma!

Waliochapwa nao wengi walikufa. Mwaka 156 KK Mfalme Jing, mwanawe Wen, alishusha 500 kuwa 300, na 300 kuwa 200. Vifo havikukoma, maana kupunguza idadi hakusaidii kitu ikiwa fimbo ni nene na inatua mgongoni.

Mwaka 144 KK akashusha tena, 300 kuwa 200 na 200 kuwa 100, na safari hii fimbo yenyewe ikawekewa kipimo. Iwe mwanzi wa chi 5, karibu sentimita 115. Shina lake unene wa cun 1, kama sentimita 2.3, ncha nusu ya hapo, vifundo vyote virandwe. Apigwe matakoni. Mchapaji asibadilishwe mpaka amalize mkosaji mmoja. Hiki cha mwisho ndicho ninachokipenda: mkono uliochoka hupunguza uzito wa pigo, mkono mpya huanza upya.

Tangu hapo waliochapwa walinusurika. Lakini mwanahistoria Ban Gu akalalamikia jambo jingine: adhabu ya kifo ilikuwa nzito mno, na zisizo za kifo zilikuwa nyepesi hata watu wakavunja sheria bila kuogopa.