Taifa Stars Ikitangulia: Zile Dakika za Mwisho Tunazifanyia Nini?

DADA: Karibu msikilizaji. Leo hatuna mgeni, tuko wawili tu, na mada ni moja: Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya soka, Tanzania. Kaka, wewe ndiye uliyeishikilia mada hii wiki nzima. Anza.

KAKA: Asante, dada. Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoniuma. Stars imecheza fainali za AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, mara nne. Lagos 1980, Misri 2019, Ivory Coast mwanzoni mwa 2024, na zile za Morocco za 2025. Jumla mechi 13. Sare 5, tumepoteza 8. Ushindi hakuna, hata mmoja.

DADA: Sawa, lakini Morocco tumevuka makundi kwa mara ya kwanza katika historia yetu. Hilo usilipite mbio.

KAKA: Silipiti. Nilishangilia kama Mtanzania yeyote. Ila tulivuka kwa sare mbili, pointi 2, tukaizidi Angola kwa magoli ya kufunga. Na hoja yangu si kwamba tuna timu mbovu. Hoja yangu ni kwamba ushindi tumekuwa nao mkononi, tukauachia. Twende moja moja. Misri 2019, dhidi ya Kenya. Msuva anafunga dakika ya 6. Olunga anasawazisha ya 39, dakika moja baadaye Samatta anaturudisha mbele. Tunaenda mapumziko tunaongoza 2-1. Tumemaliza 3-2, tumefungwa.

DADA: Mechi ile bado ina kidonda.

KAKA: Ngoja. Ivory Coast, dhidi ya Zambia. Msuva tena, dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wanabaki kumi, Kabwe kala nyekundu. Una goli, una mtu mmoja zaidi, una kipindi kizima mbele yako. Dakika ya 88 Patson Daka anasawazisha. Halafu Morocco, dhidi ya Uganda. Msuva kwa penalti dakika ya 59, Ikpeazu anarudisha ya 80. Na tushukuru Mungu, maana Okello alipata penalti mwishoni akaipaisha. Mechi tatu, fainali tatu tofauti, makocha tofauti, kitu kilekile.

DADA: Nakubaliana na orodha yako, sikubaliani na unakotaka kutupeleka. Najua utasema timu inaogopa ikitangulia.

KAKA: Sisemi woga. Wachezaji wetu si waoga, hilo nalikataa kabisa. Nasema mpira tunaoucheza unabadilika. Tukishafunga, timu nzima inarudi nyuma hatua kumi na tano. Winga anageuka beki wa pembeni wa pili. Namba sita, yule kiungo mkabaji, anakaa juu ya miguu ya mabeki wa kati. Pale mbele anabaki mtu mmoja, peke yake, na mabeki wawili wa wenzetu. Sasa mpira ukiokolewa unaenda wapi? Unabutuliwa. Na mpira wa kubutua unarudi ndani ya sekunde tano, tena unarudi na watu.

DADA: Hapo kwenye kubutua tuko pamoja. Lakini angalia hayo magoli yanaingiaje. Mimi nimeyarudia kuyatazama. Goli la Daka ni kichwa, mpira umetoka mguuni mwa Clatous Chama.

KAKA: Chama yuleyule tuliyemshangilia uwanjani kwa Mkapa misimu mingapi.

DADA: Yuleyule! Kila beki wa Stars siku ile alikuwa anajua mguu wa Chama unaweza kufanya nini. Wengine wamecheza naye timu moja. Goli la Ikpeazu, kichwa, krosi ya Omedi. Goli la kwanza la Nigeria pale Fes, kichwa cha Semi Ajayi, krosi ya Iwobi. Unaona? Watu wanasema mabeki wetu wafupi. Mimi nasema hapana. Bacca anaruka, Mwamnyeto anaruka, Job ana akili ya kusoma mpira kabla haujafika. Tatizo liko kwa anayepiga krosi. Anapewa nafasi ya kuinua kichwa, kuangalia, kuchagua nani ampe. Mpira mzuri wa juu ukishapigwa, beki hata awe na mbawa anabahatisha.

KAKA: Na kwa nini anapewa nafasi hiyo? Kwa sababu tumerudi nyuma, dada. Unarudi kwenye hoja yangu.

DADA: Sirudi. Unaweza kurudi nyuma na bado ukamkaba mpiga krosi. Morocco wenyewe tuliwabana hatua ya 16 bora, kwao Rabat, uwanja mzima unazomea, mpaka dakika ya 64 ndipo Brahim Díaz akafunga kwenye kona finyu. Zaidi ya saa nzima tulikuwa chini na hawakupata kitu. Kwa hiyo kukaa chini tunajua. Tunachokosa ni pumziko. Timu inayokaba dakika tisini bila kushika mpira miguu inaisha, na miguu ikiisha, yule winga aliyetakiwa kumfuata mpiga krosi anafika nusu hatua nyuma. Hiyo nusu hatua ndiyo goli.

KAKA: Basi tunasema kitu kimoja kwa midomo miwili. Nani atashika mpira?

DADA: Hapo sasa. Kabla hujataja majina, kuna jambo ambalo nadhani halijazungumzwa vya kutosha. Magoli yetu matatu ya Morocco. M'Mombwa dhidi ya Nigeria, dakika ya 50. Feisal dhidi ya Tunisia, dakika ya 48. Msuva dhidi ya Uganda, 59. Yote matatu ndani ya robo saa ya kwanza ya kipindi cha pili.

KAKA: Eh. Na goli lililotupeleka Morocco, lile la Msuva dhidi ya Guinea kwa Mkapa, Novemba 2024, dakika ya 61.

DADA: Unaona! Hiyo si bahati. Ina maana mapumziko kocha anaongea na wachezaji wanasikia. Wanatoka vyumbani wanapandisha presha, wanakaba juu, wanashinda mipira katikati ya uwanja na wanafunga. Kwa Gamondi sishangai, tulimwona Yanga, timu yake ilikuwa inakukabia golini kwako. Alipewa Stars muda mfupi kabla ya fainali na bado kitu hicho kikaonekana. Kwa hiyo swali langu kwa benchi la ufundi, awe nani kesho: kama kukaba juu kunatupa goli, kwa nini tukishalipata tunakiacha kilekile kilicholileta?

KAKA: Kwa sababu kukaba juu kunakula pumzi. Huwezi kukaba juu dakika 45. Hakuna timu inayoweza.

DADA: Sisemi 45. Nasema usishuke kutoka juu kabisa mpaka chini kabisa kwa mkupuo. Kuna katikati. Dhidi ya Nigeria tulisawazisha dakika ya 50, ya 52 Lookman akaachia shuti, tumepigwa. Dakika mbili! Pale hata kuchoka hatujachoka. Pale ni furaha ya goli, watu hawajarudi kwenye nafasi zao kichwani. Hapo nahodha na kipa wanatakiwa waiue ile mechi dakika tano. Mpira utoke nje, urushwe taratibu, mtu aanguke, akili zirudi.

KAKA: Hilo la Nigeria nakupa, ni tofauti na yale mengine. Ila niende kwenye mzizi, ninavyouona mimi. Angalia ligi yetu. Yanga na Simba zikiongoza 1-0 dakika ya 75, nani anauficha mpira? Nani anapewa pasi akiwa amegeukia goli lake, anamweka beki mgongoni, anatafuta faulo? Misimu hii yote amekuwa mgeni. Aziz Ki, Pacôme, Chama, Ahoua. Kanuni inaruhusu wageni mpaka 12 kwa klabu, na klabu kubwa zinawaweka hapohapo: namba kumi, namba tisa, mawinga. Mtanzania anabaki beki, kiungo mkabaji, au benchi. Sasa hao wakienda Stars unawadai kazi ambayo kwenye klabu zao inafanywa na mwingine.

DADA: Hapo umegusa penyewe. Lakini usiseme wageni waondolewe.

KAKA: Siwezi kusema hivyo, ligi imekua kwa sababu yao. Job na Bacca wamekuwa mabeki wa kiwango kile kwa sababu mazoezini kila siku wanakutana na watu wazito. Ndiyo maana nyuma tuko vizuri! Faida imekwenda kwa mabeki. Mbele ndiko hatujafaidi, isipokuwa wachache.

DADA: Feisal.

KAKA: Feisal. Msimu wa 2023/24 Aziz Ki alikuwa mfungaji bora kwa magoli 21, Feisal, ndiye huyo Fei Toto, akamfuata na 19. Akiwa Azam, ambako timu ilikuwa inachezeshwa kupitia kwake. Huyo ndiye ninayemtaka awe na mpira tukiongoza. Na Mzize alifunga 14 msimu uliofuata akiwa Yanga, katikati ya wageni wote wale. Kwa hiyo vipaji vipo. Kinachokosekana ni kuwapa mamlaka ya kuamua mechi.

DADA: Sasa mimi nikuletee ushahidi unaokukataa. CHAN, Agosti 2025, hapahapa nyumbani. Burkina Faso tukawafunga 2-0. Mauritania 1-0, Kapombe dakika za mwisho kabisa. Madagascar, Mzize kafunga mawili, wakarudisha moja, tukalinda, tumeshinda 2-1. Hao ni wachezaji wa ligi ya ndani watupu. Walitangulia na walimaliza. Kwa hiyo hiyo nadharia yako ya kwamba wa ndani hawajui kulinda ushindi ina tundu.

KAKA: CHAN kila timu inaleta wa ligi yake ya ndani, dada. Na tulikuwa nyumbani.

DADA: Ndiyo, na hilo la nyumbani ndilo ninalotaka ulishike. Kwa Mkapa siku ile ya Madagascar, mpira ukiokolewa, watu hawapigi kelele za "butua, butua". Wanapiga kelele mchezaji aende. Mchezaji anasikia, anapata nguvu ya kukimbia na mpira hatua ishirini badala ya kuupiga jukwaani. Fainali za AFCON 2027 CAF ilitupa sisi, Kenya na Uganda. Mimi naamini ushindi wa kwanza utakuja pale, na sitaki uje kwa kubahatisha.

KAKA: Hata mimi nauamini. Lakini Morocco walitutoa CHAN pia, robo fainali, 1-0, Lamlioui, na tulikuwa kwa Mkapa huohuo. Mashabiki peke yao hawashiki mpira.

DADA: Haya, twende kwenye vitendo. Stars inaongoza 1-0, dakika ya 65, wenzetu wanaanza kupiga krosi. Wewe ndiye kocha. Unafanya nini?

KAKA: Kwanza simtoi Feisal. Kila kocha wetu akiongoza anatoa namba kumi, anaingiza beki wa tano. Mimi sitoi. Namtoa winga aliyechoka, naingiza winga mwenye mbio, mbichi, na kazi yake ya kwanza namwambia: yule mpiga krosi asipige akiwa amesimama. Hapo nimekusikiliza wewe. Kazi ya pili, tukinyang'anya, yeye ndiye njia ya kutokea. Novatus namwacha katikati. Kijana anacheza Uturuki, kila wiki anapambana na viungo wa miili mikubwa, hatishiki, na pasi yake ya kwanza inaenda mbele.

DADA: Mbele pale unamwacha nani?

KAKA: Mshambuliaji anayejua kuupokea mpira wa juu na kusubiri wenzake. Kazi ile Samatta aliifanya miaka na miaka. Aliifanya Genk, akaenda kufunga Anfield dhidi ya Liverpool, akaifanya Villa. Tatizo, Stars mara nyingi alikuwa anaupokea vizuri, akigeuka hakuna mtu ndani ya mita ishirini. Tukamlaumu yeye.

DADA: Nimefurahi umesema hivyo, kwa sababu lawama alizobebeshwa Samatta kwenye jezi ya taifa hazikuwa za haki. Mtu amekuwa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga Ligi Kuu ya Uingereza, halafu tunampima kwa mipira iliyobutuliwa.

KAKA: Wewe ungefanya nini?

DADA: Mimi ningemtoa Feisal.

KAKA: Dada!

DADA: Sikiliza. Dakika ya 65 Feisal amekimbia sana, kwa sababu tumekaba juu robo saa nzima kutafuta hilo goli. Akibaki amechoka, ule upande wa katikati unakuwa wazi na krosi zinaanzia hapo, kwa kiungo wao anayeuhamisha mpira kutoka kushoto kwenda kulia bila kusumbuliwa. Ningeingiza kiungo mwingine wa kuchezea mpira, mbichi, si beki. Tubaki na viungo watatu wanaopigiana pasi fupi. Winga wako mwenye mbio nitamwingiza dakika ya 75.

KAKA: Sasa huyo kiungo mwingine wa kuchezea mpira, nitajie jina. Mtanzania, anayeanza kila wiki kwenye klabu yake, kwenye nafasi hiyohiyo.

DADA: …

KAKA: Unaona ninachosema?

DADA: Naona. Lakini bado namtoa Feisal. Msikilizaji, tutumie sauti yako: dakika ya 65, tunaongoza 1-0, Feisal anabaki au anatoka, na anayeingia ni nani. Jina tu, na sababu moja. Wiki ijayo tunazisikiliza hapa.