Hotpoti la Baba Mkubwa

KABULA: Tumerudi hewani. Masanja kakaukwa sauti, kashinda Igombe, mwalo wa Ziwa Victoria, anabishana na wazee.

MASANJA: Nilikwenda kumpa pole baba mkubwa. Upepo uliwapindua usiku wakivua dagaa, wakang'ang'ania madumu mpaka wenzao walipowaokota. Nikawasha kinasa sauti, maana nakusanya hadithi za manusura zisaidie kutabiri dhoruba: baba, nieleze upepo ulivyoanza. Akanieleza ugali.

KABULA: Ugali!

MASANJA: Nani kausonga, nani kafunga hotpoti vibaya. Upepo kaupa maneno mawili: "Ukatukuta tunanawa."

KABULA: Kunawa kwa kuanza au kwa kumaliza?

MASANJA: Hapo ndipo ugomvi! Kijana wake anaapa walishakula. Mzee anasema hakugusa hata tonge.

KABULA: Anadai hotpoti lake!

MASANJA: Usicheke. Huwa wanakula wakishavuta wavu mara ya kwanza. Hotpoti ndiyo saa yao. Halafu akadokeza kitu: kabla ya kunawa walipigwa na baridi ya ghafla, na mvua haijafika.

KABULA: Hiyo najua. Usiku pepo za nchi kavu huingia ziwani kutoka pande zote, zinakutana, maji yana joto, hewa inapanda, radi inajengeka. Mvua ikianza, hewa baridi inaporomoka na kutawanyika mbele yake.

MASANJA: Rada ya Mamlaka ya Hali ya Hewa ipo hapa Mwanza, inaiona mvua. Baridi iliyotangulia kaihisi nani? Mla ugali!

KABULA: Ambaye hakula.

MASANJA: Kabula!

KABULA: Haya. Wavuvi wa dagaa watakwambia dhoruba hupenda giza. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, wao wako nchi kavu wanashona nyavu. Dhoruba ya mbalamwezi atakusimulia nani? Na waliozama je? Umekusanya habari za wenye madumu tu.

MASANJA: Kisiwa cha Simeulue, Indonesia. Walihadithiana tsunami ya mwaka 1907. Mwaka 2004 ardhi ilipotikisika wakakimbilia vilimani, wakafa wachache sana.

KABULA: Huko ni kukimbia. Kutabiri ni kumwambia mtu jioni asitoke.

MASANJA: Baba mkubwa akipata dakika chache za kuvaa jaketi la kuokolea, hilo jina lake nini?

KABULA: Bahati. Katikati ya ziwa kilima kiko wapi?

MASANJA: Watu wa utabiri wakilinganisha baridi ya mitumbwi mia na picha za rada...

KABULA: Mitumbwi mia ya usiku wa giza.

MASANJA: Basi tuwaulize na wenye mitumbwi ya sangara, hao hawangoji giza.

KABULA: Na waliokufa?

MASANJA: Sasa hapo unataka nini?

KABULA: Nataka vipima upepo visiwani kabla ya hadithi.

MASANJA: Nataka vyote.

KABULA: Pesa ni ya kimoja.

MASANJA: Sikubali.

KABULA: Usikubali. Fundi mitambo anaonyesha vidole viwili, dakika mbili. Ulikuwa na mambo matano ya kumuuliza manusura.

MASANJA: La kwanza, usimuulize saa ngapi, muulize...

KABULA: Hotpoti lilikuwa wapi!

MASANJA: ...alikuwa anafanya nini. La pili...

KABULA: Kimebaki kidole kimoja. Wiki ijayo tunaye mama wa mwaloni anayeuza...

MASANJA: Dada, la pili ndilo la maana!

KABULA: ...dagaa wa kukaanga. Kwaherini!