Moto wa porini: linda nyumba ya kilimani kuanzia ukutani

Karibu. Nyasi za kilimani zimeshakauka, kwa hiyo kazi hii tuifanye leo.

Wengi tunadhani moto wa porini hufika nyumbani kama ukuta wa miali. Mara nyingi zinazotangulia ni cheche: vipande vya magome na vijiti vinavyowaka, ambavyo upepo huweza kuvirusha zaidi ya kilomita moja mbele ya moto wenyewe. Ndiyo maana hatuanzii porini.

Panda ngazi, mtu aishikilie chini. Tazama ndani ya gata. Majani haya nikiyafinya yanakuwa unga mkononi. Cheche moja ikiangukia hapa, ukingo wa paa umeshika moto. Yazoe kwa glavu, uyatie kwenye ndoo. Usiyamwage ukutani.

Sasa shuka, uzunguke nyumba polepole. Unaiona kona hii? Upepo umerundika majani. Basi hapa hapa ndipo utakapozirundika cheche. Zoa, kisha pima mita moja na nusu kutoka ukutani, pande zote. Ndani ya ukanda huu kisibaki kitu cha kuungua: maranda ya bustanini, maboksi, fagio, hata mkeka wa makumbi mlangoni. Mwaga kokoto. Najua maua ya chini ya dirisha yanauma kuyang'oa, lakini yakiwaka, kioo hupasuka kwa joto na moto unaingia ndani. Yahamishie mbali.

Matundu ya hewa yazibe kwa wavu wa chuma wenye vitundu visivyozidi milimita 3. Wavu wa plastiki utayeyuka.

Uzio wa mbao unaogusa nyumba ni utambi. Kata kipande cha mwisho, weka cha chuma. Kuni nazo zikae mita 10 kutoka nyumbani.

Halafu kuna mteremko. Moto hupanda haraka kuliko unavyoshuka, kwa sababu miali huinamia nyasi za juu yake na kuzikausha kabla haijazifikia. Kwa makadirio yanayotumika sana, kila mwinuko ukiongezeka nyuzi 10, kasi huwa karibu maradufu. Kwa hiyo upande wa bondeni safisha hata kupita mita 10 kutoka nyumbani. Nyasi zibaki fupi, kama sentimita 10, na matawi ya chini ya miti yapogoe hadi mita 2 kutoka ardhini.

Tafadhali nisikilize hapa: fyeka asubuhi, umande ungali chini, na siku ya upepo mkali acha kabisa. Chuma cha mashine kikigonga jiwe hutoa cheche, na mioto mingine imeanzishwa na watu waliokuwa wanasafisha kwa nia njema kabisa. Weka ndoo ya maji karibu. Ukimaliza, usichome ulichokusanya, kipeleke jalalani.

Na majivu ya jiko, hata ya jana, huficha kaa hai ndani. Yatie kwenye debe la chuma, yamwagie maji, koroga, mwagia tena, kisha funika.